Kiti cha Rumonge ni cha Nani?

Tarehe 5 Juni 2025 watu wa Rumonge walipiga kura ya kuchagua wabunge, lakini mkoa wa Rumonge haukuwapo tena. Ulizaliwa Machi 2015, kwa kuunganisha komini za Rumonge, Burambi na Buyengero zilizotolewa Bururi, na zile za Bugarama na Muhuta zilizotolewa Bujumbura Vijijini. Sheria ya mwaka 2023 ikapunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Mji wa mawese na ndagala ukajikuta ndani ya mkoa mkubwa wa Burunga, pamoja na Bururi, Makamba na Rutana. Kura zilipohesabiwa, chama tawala cha CNDD-FDD kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 96 na viti vyote 100 vinavyogombewa. UPRONA, chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore, hakikufikisha hata asilimia 2 ambayo chama hakipati kiti bila kuivuka.

Mtu anaweza kusema kwamba baada ya matokeo ya namna hiyo hakuna cha kuchambua tena kuhusu ubunge. Mimi naona ndipo uchambuzi unapoanza. Kiti hiki kimekuwapo, kikaondolewa, kikarudishwa, na katika miaka zaidi ya 60 kimefuata mkondo mmoja unaotisha kidogo: kila kilipokuwa na uzito, aliyekikalia alikuwa hatarini; usalama wake umekuja pamoja na wepesi wa kiti chenyewe. Swali la nani anamiliki kiti hicho, mpiga kura wa mwambao au mwenye orodha ya chama, haliwezi kujibiwa bila kupita kwenye historia hiyo.

Uchaguzi wa Septemba 1961 uliipa UPRONA viti 58 kati ya 64. Rwagasore alikuwa amejijenga kwa miaka kadhaa miongoni mwa wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura, Bujumbura ya leo, tangu siku za ushirika wao wa 1957, na Waislamu wa mitaa ya Waswahili walikuwa kati ya watu wa kwanza kumwamini. Alikaa kwenye uwaziri mkuu kwa wiki chache tu. Tarehe 13 Oktoba 1961 alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Bunge aliloiachia nchi liliishi hadi uchaguzi wa Mei 1965, ambamo Wahutu walipata viti 23 kati ya 33. Mfalme akamteua waziri mkuu kutoka kundi la Baganwa, Léopold Biha, bila kujali hesabu hiyo. Oktoba 1965 likaja jaribio la kupindua serikali, na adhabu yake ikawashukia wabunge: Émile Bucumi aliyekuwa Spika, na Paul Mirerekano aliyekuwa makamu wake, waliuawa kwa kupigwa risasi. Desemba ya mwaka huohuo akafuata Joseph Bamina, rais wa Seneti. Mwaka uliofuata Kapteni Michel Micombero alitangaza jamhuri, na Burundi ikakaa bila bunge la kuchaguliwa mpaka 1982. Bunge hilo la enzi za Rais Bagaza halihitaji maelezo marefu. Lilikuwa la chama kimoja, na mapinduzi ya 1987 yalilivunja bila mtu kulililia.

Mwaka 1993 ndio unaoeleza zaidi. Chama cha FRODEBU kilipata viti 65 kati ya 81. Usiku wa Oktoba 20 kuamkia 21, wanajeshi waliomuua Rais Melchior Ndadaye walimuua pia Pontien Karibwami, Spika, na Gilles Bimazubute, makamu wake. Halikuwa suala la hasira tu. Katiba ya 1992 ilisema kwamba rais akifa, Spika ndiye anayeshika nafasi kwa muda. Waliopanga mauaji walikuwa wameisoma ibara hiyo vizuri, wakamfuata mtu mpaka kwenye kiti alichopewa na ibara. Bunge lililobaki lililazimika kuirekebisha katiba ili wabunge wenyewe wamchague rais. Wakamchagua Cyprien Ntaryamira mwanzoni mwa 1994, naye akafa Kigali Aprili 6 katika ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda. Baada yake nchi ikashikwa na Sylvestre Ntibantunganya, aliyekuwa Spika. Katika miezi hiyo michache ubunge wa Burundi ulikuwa na uzito ambao haujapata kuwa nao tena, na wengi waliokuwa nao walilipa kwa maisha yao au kwa kukimbia.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 na katiba ya 2005 vilitafuta njia ya kuondoa hatari hiyo. Njia yenyewe ilikuwa hesabu. Bunge liwe na asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi, wanawake wasipungue asilimia 30, Watwa wapate viti 3. Katika orodha ya wagombea, kati ya watu 3 wanaofuatana wasizidi 2 wa kabila moja, na angalau mmoja kati ya kila 4 awe mwanamke. Kura zikishahesabiwa na uwiano usitimie, wanaongezwa wabunge wa kuteuliwa mpaka utimie. Ndiyo maana bunge lenye viti 100 vya kugombewa lilikuwa na watu 118 mwaka 2005 na 123 mwaka 2020.

Sisemi mpango huu haukufaa. Umefanya kazi ambayo risasi na hotuba zilishindwa kuifanya, na anayeubeza ameisahau 1993. Lakini ulikuwa na masharti yake. Orodha imefungwa: mpiga kura wa Rumonge haweki alama kwenye jina la mtu, anachagua orodha nzima, na nani yuko juu na nani yuko chini kumekwisha amuliwa makao makuu ya chama. Tena hesabu inajua makundi matatu tu. Mwambao huu una familia ambazo mababu zao walikuja na misafara ya Ujiji katika karne ya 19, wengine kutoka Manyema, wengine ng'ambo ya ziwa upande wa Uvira na Fizi. Mtoto wa familia hiyo akitaka ubunge lazima aandikwe Mhutu au Mtutsi. Mtu anayejiita Mswahili, na anayeitwa hivyo na jirani zake, hana mstari wake katika fomu. Hata Baganwa, ukoo wa wafalme, wamelalamika kwa sababu hiyohiyo.

Mlango wa pembeni ni ugombea binafsi, na upo kwa jina. Orodha ya wasio na chama hupata kiti ikifikisha asilimia 40 ya kura za jimbo la uchaguzi. Hapo ndipo kufutwa kwa mkoa wa Rumonge kunapokuwa na maana kuliko mabadiliko ya ramani. Kwa hesabu ya watu ya 2008 komini zile 5 zilikuwa na watu zaidi ya 350,000. Mfanyabiashara wa mawese au mwalimu anayejulikana kutoka Minago hadi Kigwena angeweza, kwa bahati na kazi nyingi, kuota asilimia 40 ndani ya jimbo la ukubwa huo. Ndani ya Burunga anatakiwa apendwe pia na wafugaji wa Bururi na wakulima wa Rutana ambao hawajawahi kumwona. Kanuni ya uchaguzi ya 2024 ikaongeza kizingiti kingine: aliyekuwa kiongozi katika chama akitoka lazima asubiri muda kabla ya kugombea kivyake. Wakati huohuo Agathon Rwasa, aliyekuwa mpinzani mkuu, alikuwa ameondolewa kwenye uongozi wa chama chake cha CNL Machi 2024 katika mkutano alioukataa. Kila mtu alielewa kanuni ile ilikuwa inamtazama nani.

Akishaingia, mbunge anakutana na katiba inayomwambia mambo mawili yasiyopatana. Inasema ubunge wake ni wa taifa zima, kwamba hakuna anayeweza kumwekea masharti ya namna ya kupiga kura, na kwamba kura yake ni yake binafsi. Ukisoma ibara hiyo peke yake utadhani Burundi ina wabunge huru kuliko nchi nyingi. Mwaka 2008 ulionyesha sivyo. Hussein Radjabu, Mwislamu aliyekuwa mwenyekiti wa CNDD-FDD na pengine mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini baada ya 2005, aling'olewa katika mkutano wa chama Ngozi Februari 2007. Aprili 27 bunge lilimvua kinga na akakamatwa. Mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 13. Wabunge waliokuwa upande wake walikataa kufuata chama, wakakaa bungeni kama watu huru, na kazi ya kutunga sheria ikakwama kwa miezi, kwa sababu wakati ule sheria ilihitaji theluthi mbili. Juni 2008 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wabunge 22 wamekalia viti vyao kinyume cha katiba. Kati yao alikuwamo Alice Nzomukunda, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais na kujiuzulu Septemba 2006. Viti vikajazwa na waliofuata katika orodha.

Tangu siku hiyo hakuna mbunge aliyehitaji kuelezwa kiti ni cha nani. Anaweza kupiga kura anavyotaka, mradi chama hakitasema kwamba ameshatoka chamani.

Hata hivyo, kuna siku moja ambayo kura ya mtu mmoja ilizidi zote. Machi 21, 2014 serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya katiba. Yalihitaji kura 85 kati ya 106, yakapata 84. Wabunge wa UPRONA walikuwa wamekataa, na hesabu za Arusha, zilizotengenezwa ili wachache wasimezwe, zikafanya kazi iliyokusudiwa. Ushindi huo haukudumu. Mwaka uliofuata Rais Pierre Nkurunziza aligombea muhula wa tatu kwa hoja kwamba ule wa kwanza haukuhesabika, kwa sababu mwaka 2005 alichaguliwa na wabunge, kwa kura 151 kati ya 162, badala ya wananchi wote. Yaani kitendo cha bunge kilichosherehekewa mwaka 2005 kama mwisho wa vita kikawa, miaka 10 baadaye, kisingizio cha mgogoro uliowakimbiza mamia ya maelfu ya Warundi. Spika Pie Ntavyohanyuma mwenyewe alikimbilia Ubelgiji Juni 2015. Katiba mpya ya 2018, iliyopitishwa kwa kura ya maoni, iliondoa sharti la theluthi mbili kwa sheria za kawaida. Sasa wingi wa kawaida unatosha, na mbunge wa upinzani, hata akiwapo, hawezi kukwamisha kitu.

Hayo ni ya Kigobe, jumba la bunge kule Bujumbura. Huku chini, takriban kilomita 75 kwa barabara ya RN3 inayokatikakatika kila milima ya Gitaza inapomomoka, watu wana mambo yao. La kwanza ni ardhi, na hakuna mahali Burundi ambapo jambo hilo lina mizizi kama hapa.

Aprili 29, 1972 uasi uliwaka Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi. Serikali ya Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, ambayo waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Watu wa mwambao walivuka kwenda Tanzania, wengi kwa mitumbwi, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao nyanda za Imbo hazikubaki tupu. Wengine walichukua mashamba kwa nguvu, wengine walipewa na serikali, wengine waliletwa kutoka milimani katika mradi wa michikichi wa Rumonge, wakagawiwa vitalu, wakapanda, wakavuna, wakazaa. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki aliyekaa mahali kwa miaka 30. Wakimbizi wa 1972 walipoanza kurudi kwa wingi baada ya 2005, miaka hiyo ilikuwa imeshapita. Wengi wa waliobaki Tanzania, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa huko. Makumi ya maelfu walirudi, wakasimama mbele ya michikichi ambayo baba zao hawakuipanda, katika udongo ambao baba zao walizikwa.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Chini ya Padri Aster Kana mwelekeo ulikuwa kugawana: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekuwapo. Baada ya 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, mwelekeo ukawa kumrudishia mkimbizi chote. Kila njia ilikuwa na haki yake na machungu yake. Desemba 2013 sheria mpya ya tume ilipokuja bungeni, wabunge wa UPRONA walitoka ukumbini na wenzao wakaipitisha. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi. Machi 2022 muda wa tume ukaisha, na mafaili ambayo hayajamalizika yakabaki.

Katika habari yote hiyo sauti ya mbunge wa Rumonge husikii. Sababu si kwamba wabunge wa huku ni wavivu. Jimboni kwake mrudi na mkaaji wote ni wapiga kura, na mara nyingi wote wamo katika chama kilekile. Akisimama na mmoja amempoteza mwingine. Katika nchi ambako mbunge huchaguliwa kwa jina lake, angelazimika kuchagua, au atafute suluhu inayowaridhisha wote wawili, maana uchaguzi ujao utamuuliza. Kwa orodha iliyofungwa hakuna uchaguzi ujao unaomuuliza yeye. Unaomuuliza ni mkutano wa chama, na mkutano huo hauna sababu ya kumpenda mtu aliyegusa jambo ambalo Ikulu na tume zimekwisha kulipangia msimamo. Kwa hiyo kukaa kimya ndiyo hesabu nzuri. Watu wanajua hivyo, ndiyo maana mwenye shida ya shamba alikwenda kwa mkuu wa kilima, kwa tume, kwa padri au kwa shehe, na mbunge akabaki mgeni wa heshima katika harusi na kazi za jumuiya za Jumamosi.

La pili ni ziwa. Sheria ya maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ufukweni mwa Tanganyika. Ni sheria nzuri, na wabunge waliipitisha, lakini mita hizo zilikuwa na nyumba za wavuvi na maghala ya mawese muda mrefu kabla ya sheria, na zina mahoteli ya watu wakubwa yaliyojengwa baada yake. Ziwa lilipoanza kupanda mwishoni mwa muongo uliopita, Gatumba ikazama na mitaa ya ufukweni ya Rumonge ikaingiliwa na maji, mstari wa mita 150 ukaanza kuhamia ndani ya viwanja ambavyo havikuwa na kosa. Hapa palihitajika mtu wa kuuliza bungeni mstari unapimwa kutoka maji ya mwaka gani. Ni swali la kiufundi, dogo, lisilo na siasa ya chama, na ndilo hasa kazi ya mbunge. Kufunga uvuvi kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kumekuja kwa makubaliano ya nchi za ziwa chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Faida yake inaeleweka: mukeke na ndagala zimepungua, na ziwa likipumzika samaki wanazaa. Lakini mbeba mizigo wa bandarini, mwanamke anayeanika ndagala, na kijana wa uvuvi wa apolo anayelipwa kwa usiku wa kazi hawana akiba ya miezi 3. Makubaliano ya mawaziri wa nchi 4 hayapiti kwa mwakilishi wao ila kama habari.

Mbunge anayejaribu kusema nje ya mstari ana mfano wa kumkumbusha. Fabien Banciryanino wa Bubanza alizungumza waziwazi bungeni mwaka 2020 dhidi ya kumpa Nkurunziza cheo cha Kiongozi Mkuu. Alikuwa salama alipokuwa na kinga. Bunge lilipokwisha na kinga ikaisha, akakamatwa Oktoba 2, 2020 na kukaa gerezani mwaka mzima. Sheria ya Januari mwaka huohuo, kwa upande mwingine, ilimpangia rais anayestaafu, pamoja na faranga bilioni moja na jumba, posho ya maisha inayolingana na ya mbunge. Huo nao ni ushahidi kwamba ubunge una thamani. Ila ni thamani ya aina gani.

Imebaki njia ya Arusha, bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki ambalo Burundi ilijiunga nalo baada ya kuingia katika Jumuiya Julai 2007, ikiwa na viti 9 kama kila mwanachama. Huko ndiko alikokwenda Hafsa Mossi, mwandishi wa habari wa zamani wa BBC aliyewahi kuwa waziri, mtu ambaye Kiswahili chake kilisikika redioni kabla ya siasa. Aliingia mwaka 2012. Julai 13, 2016 alipigwa risasi Bujumbura mchana kweupe akafa. Tangu Desemba 2022 Spika wa bunge hilo ni Mrundi, Joseph Ntakirutimana, na wakuu wa Jumuiya walikwisha amua Februari 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi yake. Nyumbani, sheria ya lugha ya 2014 iliongeza Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikaachwa kuwa somo la shule.

Kwa mwambao, bunge hilo lina jambo ambalo Kigobe haina. Baada ya Kongo kuingia mwaka 2022, nchi 3 kati ya 4 za Tanganyika zina wabunge katika ukumbi mmoja: Kigoma, Uvira, Kalemie na Rumonge zinaweza kujadiliwa siku moja, kwa lugha inayosemwa katika bandari zote hizo, na Zambia pekee ndiyo iko nje. Mambo ya kupeleka yapo tayari: miezi 3 ya kufunga uvuvi, nyavu, maharamia wa usiku, kina cha maji. Lakini wabunge 9 wa Burundi hawachaguliwi na wavuvi. Wanachaguliwa na wabunge wa Kigobe, ambao 100 kati yao walitoka katika orodha ya chama kimoja.